Safari Yetu ya Kilwa Kisiwani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na watu wa mitaa yote, katika siku za jubilei)



Tuliagizwa na halmashauri ya jubilei tuwaeleze habari za safari fupi tuliyoifanya sisi walimu na makatekista, watu kumi na wanane, kwenda Kilwa Kisiwani. Safari ilikuwa ya siku tatu tu, na siku ya katikati ndiyo tuliyokaa kisiwani, tangu asubuhi hata alasiri. Mtu aliyekaa mahali siku moja hana haki ya kujifanya mwenyeji. Kwa hiyo tutasema tuliyoyaona kwa macho yetu, tena tutasema yaliyoandikwa na watu waliouchunguza mji ule kwa miaka mingi, na mwisho tutasema neno moja ambalo lilitufuata njiani hata tukarudi nalo nyumbani.

Huenda mtu akauliza, Jubilei ni sikukuu ya kanisa, na Kilwa ni mji wa kale wa Waislamu. Mambo haya yamekutana wapi? Sisi nasi tuliulizana hivyo kabla ya kuondoka, tukapata majibu mawili. La kwanza ni aibu yetu wenyewe. Kila mwaka twasimama mbele ya watoto na chaki mkononi, twafundisha habari za Kilwa, na katika sisi kumi na wanane hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga pale. Mwenzetu mmoja amefundisha somo hilo kwa miaka ishirini na miwili, na kila mara huchora kisiwa ubaoni kama yai. Tulipofika aliona kwamba hakifanani na yai hata kidogo, akacheka, kisha akanyamaza.

Jibu la pili ni zito zaidi. Sisi ni watu wa bara ya kusini. Njia waliyoshushwa babu zetu wengi kwenda pwani, wakiwa wamefungwa shingo, ilifikia Kilwa. Na njia iliyopanda na wahubiri wa kwanza ilitoka pwani hiyo hiyo. Mtu akitaka kuhesabu miaka ya nyumba yake, yampasa kuujua na mlango ambao watu walitoka na kuingia.

Basi tuliondoka alfajiri kwa gari la abiria, tukalala Kilwa Masoko. Asubuhi tulikwenda kwanza katika ofisi ya mambo ya kale kupata kibali na kiongozi wa njia, maana kisiwa hakiingiwi ovyo. Kisha tukashuka bandarini, tukapanda mashua ya tanga. Mlango wa bahari kati ya bara na kisiwa si mpana. Mwenye sauti kubwa hudhani akiita ataitikiwa ng'ambo. Lakini maji ni ya kina, na bandari ni nzuri kwa vyombo vikubwa, na hiyo ndiyo sababu moja ya mji kusitawi.

Nahodha wetu alitusimulia hadithi ambayo imo pia katika tarehe ya kale ya Kilwa. Zamani, akasema, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Kisiwa kilikuwa cha mfalme mmoja wa bara. Akaja Ali bin Hasan kutoka upande wa Shirazi, akataka kukinunua. Mfalme akamwambia, Nipe nguo za kukizunguka kisiwa chote. Ali akatandaza nguo pwani hata zikakutana, mfalme akazichukua akahamia bara. Baadaye alijuta akataka kurudi, lakini mlango ulikuwa umekwisha kuchimbwa na maji yakawa mengi, asiweze kuvuka tena. Hiyo ni hadithi, nasi hatuichukui kama hati ya mahakama. Lakini Ali bin Hasan si mtu wa ndoto, maana pesa zenye jina lake zimefukuliwa ardhini. Wachunguzi wa kwanza walidhani aliishi mnamo mwaka 1200. Hata mwaka 1984 ikapatikana akiba ya fedha katika kisiwa cha Mtambwe Mkuu, huko Pemba, na kwa hiyo wengi sasa humhesabu kuwa wa karne ya kumi na moja.

Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, mashua isiweze kukaribia. Tukavua viatu, tukapandisha suruali na kanga, tukakanyaga matope hata ufukoni. Pale tulipokewa na mzee mmoja wa kisiwani, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe. Tukamwamkia, Shikamoo mzee. Akasema, Marahaba wanangu, karibuni, mmekuja kwenu. Neno hilo tulilichukua kuwa la adabu tu. Baadaye tuliona kwamba lilikuwa na maana zaidi.

Sasa tuseme juu ya mawe. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba miji hii ililetwa na wageni kutoka ng'ambo, kana kwamba ilishushwa melini ikiwa tayari. Waliofukua Kilwa wameonyesha mambo mengine. Neville Chittick alianza kazi hiyo katika miaka ya 1950, akachapisha kitabu chake mwaka 1974. Chini kabisa, katika tabaka za tangu karne ya tisa hivi, hakuna nyumba za mawe. Kuna nyumba za udongo na miti, kama hizi zetu, na vyungu vya kazi ya nyumbani, na mifupa ya samaki. Palikuwa na watu kwanza, wavuvi na wafua chuma, kisha wakapanua biashara, wakapokea na dini na wageni, na mawe yakaja juu ya udongo ule ule. Wageni walikuja, hakuna anayekana. Lakini wenyeji hawakuwa watazamaji.

Nayo kazi yenyewe ni ya watu wanaoijua bahari yao. Mawe ni matumbawe. Yale laini hukatwa majini yangali mabichi, yakachongwa mihirabu na nakshi, kisha yakikauka huwa magumu. Mengine huchomwa juu ya tanuri la kuni, yakawa chokaa ya kushikiza kuta. Dari huwekwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haipiti urefu wake, vyumba vya nyumba hizi vyote ni vyembamba. Mwalimu wa hesabu katika sisi alipima kwa hatua zake chumba baada ya chumba, akasema, Mti ndio uliokuwa mpimaji wa mji huu. Tuliandika maneno hayo, maana ni somo zima la darasa.

Tuliingia katika Msikiti Mkuu, tukiisha kuvua viatu tena, ingawa mahali pengi hapana paa. Sehemu yake ya kaskazini ni ya kale, ya karne ya kumi na moja au ya kumi na mbili; sehemu ya kusini, yenye nguzo na makuba, iliongezwa baadaye, ikaanguka, ikajengwa tena katika karne ya kumi na tano. Tuliposimama chini ya makuba yale, hakuna aliyesema neno. Kivuli ni baridi, na mwanga huingia baina ya nguzo kama unaopita katika msitu wa miti iliyopandwa kwa mstari.

Mali ya kujenga haya ilitoka wapi? Ilitoka hasa katika dhahabu ya Sofala, iliyochimbwa katika nchi za ndani za kusini, ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa. Pamoja na pembe za ndovu. Wakarudishiwa nguo, shanga, na vyombo vya kaure kutoka China, ambavyo vipande vyake tuliviona vimetapakaa mchangani kama maganda ya mayai. Kilwa ilipiga pesa zake yenyewe za shaba. Pesa moja ya Sultani Hasan bin Suleiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali na bahari; na mwaka 1944 askari mmoja aliokota pesa tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Namna zilivyofika huko, kila mtu asema lake. Lakini watoto wetu wajue kwamba palikuwa na siku ambazo jina la mji wa pwani yetu lilitembea mbali kuliko watu wake.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu hata Husuni Kubwa, juu ya genge linaloitazama bahari. Jumba hili lilijengwa na huyo Hasan bin Suleiman mwanzo wa karne ya kumi na nne. Lina vyumba zaidi ya mia, na birika la pembe nane, na ngazi zinazoteremka hata majini. Halikumalizwa vema, wala halikukaliwa muda mrefu. Sasa mijusi hukimbia katika ukumbi wa sultani.

Tulikaa juu ya ukingo wa birika, tukafungua chakula chetu, na kiongozi wetu akatusimulia habari za msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Msafiri yule aliusifu mji sana, akamsifu na sultani kwa ukarimu wake, akaandika kisa hiki. Siku moja ya Ijumaa sultani alikuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani kwake. Akakutana na maskini mmoja, akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukataa. Akarudi akavua nguo zake, akavaa nyingine, akampa maskini zile alizoziomba. Watu wakastaajabu kwa unyenyekevu ule. Mwana wa sultani akazichukua zile nguo kwa yule maskini, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru maskini aongezewe watumwa kumi tena, na mizigo miwili ya pembe.

Kisa kikaisha, nasi tukasema, Ama kweli, alikuwa mfalme mwema. Tukaendelea kula. Ndipo mama mmoja katika msafara wetu, mwalimu wa darasa la kwanza, akauliza kwa sauti ya chini, Na wale ishirini?

Tukamwuliza, Ishirini gani?

Akasema, Watumwa kumi, na watumwa kumi. Hao walikuwa akina nani?

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Jina la sultani tunalo, na majina yake ya sifa; jina la msafiri tunalo; habari ya nguo tunayo. Wale ishirini walitolewa kama mtu atoavyo chenji, na hata mtu aliyeandika kwa wema hakuona kuwa kuna la kuandika juu yao. Sisi nasi, watu wa leo, tuliosoma, tuliobatizwa, tulisikia kisa hicho na mihogo mikononi, tukakisifu. Neno hilo, Na wale ishirini?, ndilo tulilosema kwamba lilitufuata njiani.

Saa nane tulirudi pwani, tukaingia Gereza. Hiyo ndiyo ngome kubwa yenye mlango wa nakshi, imesimama ukingoni mwa maji. Jengo lionekanalo leo ni kazi ya watu wa Oman, mnamo mwaka 1800, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Hapa yatupasa kusema jambo ambalo si tamu kusemwa katika sikukuu ya kanisa. Lakini tusipolisema sisi, nani atalisema?

Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502, akamtisha mtawala, Amiri Ibrahimu, hata akakubali kutoa kodi ya dhahabu. Tarehe 24 Julai mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi la merikebu, akauingia mji kwa silaha, na Ibrahimu akakimbia. Mtu aliyekuwamo katika msafara ule ameandika yaliyofuata. Mapadre wa Mtakatifu Fransisko walishuka pwani wakichukua misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu. Wakaenda hata nyumba ya sultani, msalaba ukasimamishwa, mkuu wa jeshi akasali. Na walipokwisha kusali, watu wote wakaanza kuteka nyara mji, mali na vyakula. Kisha wakajenga ngome. Walikaa miaka saba tu. Mwaka 1512 wakaondoka, maana faida haikufika gharama.

Wenye elimu ya lugha husema kwamba neno letu hili gereza latoka katika neno la Kireno igreja, na maana yake ni kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome, na wenyeji walisikia jina moja kwa vyote viwili. Fikirini. Mtu wa pwani aliulizwa, Jengo lile la wageni laitwaje? Akataja jina la nyumba ya Mungu. Lakini aliloliona kwa macho yake ni kuta, mizinga, na watu waliofungwa. Lugha ikahifadhi aliloliona. Sisi makatekista tulikuwa tumesimama uani mwa Gereza na misalaba shingoni, na mzee wa kisiwani alikuwa pamoja nasi. Hakututazama kwa ubaya. Sisi ndio tuliotazama chini.

Lakini wasisimangwe Wareno peke yao. Mwaka 1776, tarehe 14 Septemba, sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa mmoja jina lake Morice. Wakati ule Wafaransa walikuwa na mashamba katika visiwa vya Mauritius na Réunion, ambavyo wao waliviita Île de France na Bourbon, nao walitaka watu wa kuyalima. Sultani aliahidi kumpatia Morice watumwa elfu moja kila mwaka, kwa piastre ishirini kila mtu, na piastre mbili zaidi ziwe zawadi ya sultani kwa kila kichwa. Akampa na ngome atie mizinga na bendera yake. Na mkataba ulikuwa wa miaka mia moja.

Mwalimu wetu wa hesabu hakuhitaji ubao. Alisema, Elfu moja mara mia. Ni laki moja ya watu, kwa mistari michache ya wino. Mkataba haukufika miaka mia, maana mnamo mwaka 1785 watu wa Oman walikuwa wamekwisha kuutia mji mkononi mwao. Lakini biashara haikukoma. Ilihama ng'ambo, ikasitawi Kilwa Kivinje. Huko ndiko misafara ilikoshuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na katika miaka ya 1860 watu zaidi ya elfu kumi kwa mwaka walipakiwa majahazini kwenda Unguja. Nani aliyewauza? Hapa nasi tunyamaze kidogo. Mreno alinunua, Mfaransa alinunua, Mwarabu alinunua. Lakini hawakuja wao kubisha hodi katika vijiji vya bara. Waliokuja usiku walizijua njia, na lugha ya kijiji, na mbwa waliwanyamazia. Katika mitaa yetu leo wajukuu wa walioshikwa na wajukuu wa walioshika huketi benchi moja.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mtu mzima, mpole sana, alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alimwendea mzee wa kisiwani akamwambia: Mzee wangu, kwetu husimuliwa kwamba mmoja wa mabibi zetu wa kale alichukuliwa shambani. Jembe lake lilionekana njiani. Mwenyewe hakuonekana tena. Walisema ameshushwa Kilwa. Tangu zamani hizo jina lake hupewa binti wa kwanza katika ukoo, na mwanangu analo. Nataka kujua, walipitishwa wapi?

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: Mwanangu, siku za nyuma sana wengine walipitishwa hapa hapa ulipokanyaga, na siku za karibu walipitishwa Kivinje. Huyo wako sijui. Lakini unaniuliza kana kwamba mimi ni mtoto wa aliyeuza. Huenda. Tena huenda mimi ni mtoto wa aliyeuzwa akabaki. Mama yangu hakuniambia, wala mama yake hakumwambia. Hapa mtu haulizwi asili yake. Ukimwuliza jirani leo, kesho atakuuliza wewe.

Mwenzetu akamwomba ruhusa alitaje lile jina pale pale uani. Mzee akasema, Litaje. Akalitaja, mara moja, si kwa sauti kubwa. Mzee akainua mikono akasema, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tukasema, Amina. Jina lenyewe hatutalisema hapa, maana ni mali ya ukoo.

Alasiri maji yalijaa, mashua ikasogea. Tulipokuwa tukipanda tuliona jinsi mawimbi yanavyoupiga ukuta wa Gereza upande wa bahari. Sehemu yake imekwisha kuanguka. Magofu haya pamoja na yale ya Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, na baada ya kazi nyingi za kuyategemeza yaliondolewa humo mwaka 2014. Hata hivyo bahari haisomi orodha. Mvua nayo haisomi, wala mizizi ya mitini.

Mzee alitusindikiza hata maji yakamfika magotini. Akamwita mwenzetu akamwambia, Mwalimu, lile jina, lirudie, nisije nikalisahau. Akalirudia, na mzee akalisema mwenyewe mara mbili, kama mtoto anayejifunza. Ndipo tulipoielewa ile karibu yake ya asubuhi, Mmekuja kwenu.

Hayo ndiyo tuliyoyaona. Sasa tuseme yale tuliyorudi nayo, maana safari isiyoacha kazi nyumbani ni matembezi tu.

Ndugu, jubilei ni siku ya kuhesabu. Katika kijitabu hiki na katika kuta za makanisa yetu mtaona majina ya maaskofu na wahubiri waliotoka mbali. Ni haki yao. Walikuja, wakaugua, wengine wakafa. Hatuwaondolei hata herufi moja. Lakini tukiisha kusoma majina hayo na tuulize kama alivyouliza yule mama, Na wale ishirini? Kengele haikupanda mlima kwa miguu yake. Matofali hayakujifyatua. Maji ya kukandia udongo yalichotwa mtoni na wanawake, mtungi kwa mtungi, na wengi wao walirudi nyumbani kupika. Makatekista wa kwanza walitembea siku tatu, siku nne, wakifundisha chini ya mwembe kwa mshahara usiotosha chumvi. Hao wako wapi katika vitabu vyetu?

Tena tukumbuke kwamba kanisa katika nchi hii ya kusini lilianzwa kwa sehemu kubwa na watu waliokwisha kupotezewa majina. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa tarehe 5 Juni mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watumwa waliokombolewa, waliotamani kurudi upande wa kwao, wakakaa Masasi. Watu wale walipanda kwa miguu nchi ile ile waliyoteremshwa wakiwa wamefungwa. Cecil Majaliwa, mtoto wa bara aliyechukuliwa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890. Mmoja ana jina kitabuni. Wenzake wengi hawana.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, nayo si makubwa.

La kwanza, kila mtaa ununue daftari moja la kawaida, na mwaka huu wa jubilei usiishe kabla halijaandikwa majina ya wajenzi, wachukuzi, wapishi, wachota maji na walimu wa kwanza, kama wazee wanavyoyakumbuka. Asiyejulikana jina aandikwe hivyo: mke wa fulani, aliyefinyanga mitungi ya kanisa. Ni afadhali kuliko kuachwa.

La pili, pale penye kumbukumbu za kuuzana, zisimuliwe pasipo kushitakiana. Hatutafuti mdeni. Yule mzee alitufundisha kwamba watu waweza kukaa pamoja kwa kutoulizana, na ni amani ya namna yake. Lakini alitufundisha pia, magoti yake yakiwa majini, kwamba moyo wa mtu hutaka kujua nani wa kuombea.

La tatu ni letu walimu. Tusiwafundishe watoto kwamba Kilwa ilijengwa na wageni, maana si kweli. Wala kwamba ilikuwa mji wa dhahabu tu, maana si kweli yote. Tufundishe mawe, na boriti, na pesa za shaba. Na tukifika kwenye kisa cha nguo za sultani, tuwaache watoto wasifu kwanza. Kisha tungoje. Kama hakuna mtoto hata mmoja atakayeuliza habari za wale ishirini, tuulize sisi.

Sisi kumi na wanane tumekwisha kuanza. Daftari la mtaa wetu lina majina arobaini na moja hata leo. La kwanza ni la mwanamke ambaye jembe lake lilionekana njiani. Hakujenga kanisa wala hakuliona, lakini tuliona vema aanze yeye.

Tumekoma hapo.